Daktari Aliniuliza: "Nani Atakubebea Ndoo?"

Leo sina umbea wa staa yeyote. Leo umbea ni wangu mwenyewe, nauandika kabla hajauandika mtu mwingine.

Mimi ni yule dada wa samaki. Saa kumi na moja alfajiri nipo Feri, mnadani, nagombania changu na jodari. Wanaopaa samaki wakimaliza kazi yao napanga ndoo, najaza barafu, saa nne nipo kwenye bajaji kupeleka oda za maofisini Posta na za wenye maduka Kariakoo. Mtandaoni mnaona picha: samaki anang'aa, kucha zimepakwa, lipstiki iko sawa. Msichokiona ni kwamba upande wa kushoto wa sidiria yangu kuna kitambaa kilichokunjwa.

Titi lenyewe lilitolewa mwaka juzi. Nilikuwa na miaka 33. Sitawachosha na habari za uvimbe, wala za kemo na nywele. Niseme tu kwamba baada ya upasuaji nilipangiwa mionzi Ocean Road, ile hospitali ya tangu enzi za Mjerumani, ambayo kutoka Feri si mbali. Basi nikawa natoka mnadani nanuka samaki, nalala chini ya mashine dakika chache, halafu natoka nje kupokea simu ya mteja anayelalamika vibua vyake vimechelewa. Kodi ya nyumba haiugui, ndugu zangu.

Kilichonivunja si ugonjwa. Ni asubuhi moja nimeinama kuchagua vibua, kitambaa kikachomoka, pwaa, ndani ya ndoo ya barafu. Niliona kama soko zima limenyamaza. Mama mmoja mkaanga samaki akakiokota, akakisuuza, akakikamua, akanikabidhi. "Shika mali yako, mwanangu." Basi, akarudi kwenye karai lake. Nilimaliza mauzo kama kawaida, nikafika nyumbani nikalia mpaka macho yakavimba.

Usiku huohuo nikamwandikia dada mmoja maarufu hapa mjini, jina kapuni. Minong'ono kuhusu yeye nilikuwa nayo siku nyingi. Akanijibu haraka kuliko nilivyotegemea. Kweli, alikwenda India, akajengewa titi kwa nyama ya tumbo lake mwenyewe. "Shoga, tumbo limeondoka, titi limerudi. Unasubiri nini?"

Jamani, nani asingetaka? Nilisimama mbele ya kioo nabana kitambi changu, napima kama kinatosha titi moja.

Daktari wa upasuaji rekebishi niliyekwenda kumwona alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta karatasi, akaanza kuchora. Akasema njia ni tatu. Ya kwanza ni kubaki bapa, kifua kishonwe vizuri kitulie, na hiyo ni njia kamili, si kushindwa. Ya pili ni silikoni. Angelina Jolie alipotangaza mwaka 2013 kwamba ametoa matiti yote mawili, njia aliyotumia ndiyo hiyo. Upasuaji wake ni mfupi zaidi, ila silikoni haina uhakika wa kudumu maisha yote, na kwenye kifua kilichopigwa mionzi huleta matatizo mara nyingi zaidi.

Ya tatu ndiyo iliyonipeleka pale: nyama ya mwili wako. Wanachukua ngozi na mafuta ya chini ya kitovu pamoja na mishipa yake ya damu, wanahamishia kifuani, kisha wanaunganisha mishipa hiyo myembamba chini ya hadubini. Hiyo wanaiita DIEP. Ya zamani kidogo, TRAM, iliyoanza kujulikana Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, inachukua na msuli wa tumbo, kwa hiyo tumbo linaweza kulegea au kupata ngiri. Kama huna kitambi, wanaweza kutumia nyama ya mgongoni.

Utamu wake nao ni wa kweli, sitawadanganya. Titi linakuwa na joto, ni laini, unanenepa nalo na kukonda nalo. Halina kitu cha kuja kubadilishwa. Na kwa sisi tuliopigwa mionzi, mara nyingi ndilo linalokubali vizuri.

Sasa njooni kwenye yale ambayo staa wetu hakuniambia. Ni upasuaji wa saa nyingi, sita, nane, hata zaidi. Unaamka na vidonda viwili, si kimoja: kifua, na mshono wa tumboni kutoka nyonga hadi nyonga. Mara chache mishipa inaziba na nyama iliyohamishwa inakufa, unarudishwa chumba cha upasuaji. Sigara na kisukari vinaongeza hatari. Hisia hazirudi zote. Chuchu hutengenezwa baadaye, au inachorwa tatuu. Na nyama ya tumbo inachukuliwa mara moja tu katika maisha.

Nikawa naitikia tu, sawa, sawa, sawa. Kichwani nimeshachagua sidiria. Ndipo akaweka kalamu chini.

"Dada, unafanya kazi gani?"

Nikamwambia.

"Ndoo moja ina kilo ngapi?"

"Na barafu? Kama ishirini hivi."

"Wiki sita mpaka nane hutabeba hata nusu yake. Nani atakubebea ndoo?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa siku ngapi nawaza titi, sijawaza tumbo hata dakika moja. Na tumbo ndilo linaloninyanyua na ndoo kila asubuhi. Nyie mnaokaa ofisini mnaweza kuomba likizo ya ugonjwa. Mimi nisipofika mnadani hakuna anayenilipa, na mteja akikukosa wiki mbili ameshapata dada mwingine wa samaki.

Nikarudi nyumbani na swali la pili ambalo daktari hakuliuliza: namfanyia nani? Mchumba wangu tangu mwanzo aliniambia "mimi sina tatizo." Lakini tangu nitoke hospitali alikuwa anazima taa. Zamani hakuwa anazima. Miezi yote ile nimenyamaza, nimeshajijibu mwenyewe kwamba ananiona kinyaa. Siku hiyo nikamuuliza wazi, taa ikiwa inawaka.

Akakaa kimya weee. Halafu akasema, "Naogopa nikikugusa pale nitakuumiza. Nikizima taa sioni, sikosei."

Yaani! Nilikuwa karibu kukatwa tumbo nyonga hadi nyonga kwa sababu ya swichi ya taa.

Msininukuu vibaya. Simaanishi kwamba sasa sitaki. Nilipoitoa aibu ya ile ndoo ya vibua, nikaitoa taa, nikamtoa na yule dada maarufu na tumbo lake, bado kitu kilibaki. Nataka kuinama bila kushika kifua. Nataka kuvaa dera jepesi bila kujikagua. Hilo ni langu, na nadhani linatosha kuwa sababu.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, lakini si sasa. Daktari alinihakikishia kwamba titi linaweza kujengwa hata miaka kadhaa baada ya kutolewa, na mtu aliyepigwa mionzi mara nyingi huambiwa asubiri miezi kadhaa ngozi itulie. Hakuna basi linaloniacha. Mdogo wangu wa kike ameanza kuja mnadani, bado anaogopa pweza lakini bei anaijua. Ninaweka akiba ya matibabu, na nyingine pembeni ya kula nikiwa nimelala. Vijana wanaopaa samaki nao, tangu siku ile ya kitambaa, wananibebea ndoo mpaka kwenye bajaji bila kuombwa. Nashukuru sana, ila wiki nane ni mbali kuliko bajaji.

Kwa sasa fundi mmoja Kariakoo amenishonea mfuko ndani ya sidiria. Kitambaa hakichomoki tena.

Kama na wewe upo njia panda hii, nenda na maswali haya kwa daktari wako. Mionzi nimemaliza au bado ipo mbele yangu? Mnachukua msuli au mnauacha? Umeshafanya upasuaji huu mara ngapi, na ikishindikana mpango ni upi? Nina mshono wa uzazi, una shida? Nitakaa wodini siku ngapi, na jumla ni upasuaji mara ngapi mpaka kumaliza? Waganga wa kuunganisha mishipa chini ya hadubini ni wachache, kwa hiyo usione aibu kuuliza.

Halafu ukifika nyumbani jiulize lile langu. Nani atakubebea ndoo? Kila mtu ana ndoo yake: mtoto wa kunyonya, ngazi za ghorofa ya nne, meza ya biashara Kariakoo. Mtaje mtu kwa jina. Ukimpata, ndipo uzungumzie tarehe.

Kesho alfajiri nipo Feri. Oda za jodari mwisho saa tatu usiku.