Wasiwasi Hautoshi

Tangu baba apate kiharusi, wageni wanaokuja kumjulia hali huondoka wakimsifu mama. Mwanamke wa shoka, wanasema, Mungu amempa moyo. Nami nilizipokea sifa hizo kwa fahari, hadi nilipotazama Amour, filamu ya Michael Haneke iliyoshinda Palme d'Or kule Cannes mwaka 2012. Siku hizi nikizisikia, najiuliza kama mama alilala usiku.

Georges na Anne ni wazee wa miaka themanini na kitu, walimu wa muziki waliostaafu, wanaoishi wawili tu katika nyumba yao Paris. Asubuhi moja wakiwa mezani, Anne ananyamaza ghafla, macho wazi, haitiki. Georges analowesha kitambaa kwenye bomba, anampangusa uso na shingo, wapi! Anakwenda chumbani kuvaa akatafute msaada, akiwa ameacha bomba linamwaga. Mara maji yananyamaza. Anne amezinduka, amelifunga mwenyewe, na hakumbuki lolote. Baadaye upasuaji wa mshipa wa shingoni unakwenda vibaya, upande wa kulia unapooza, naye anamtaka mumewe aahidi kwamba hatamrudisha hospitali.

Kilichonishika zaidi ni mwili wa Georges. Jean-Louis Trintignant, aliyemwigiza, alizaliwa mwaka 1930, na Emmanuelle Riva, aliyecheza kama Anne, mwaka 1927. Uzee tunaouona haukupakwa usoni. Ili kumwinua mkewe kitini, Georges anamkumbatia, anajivuta naye hadi wote wawili wanasimama, kisha wanasogea hatua fupifupi. Anayebeba naye anahitaji kushikwa. Nilikuwa nimemwona mama akifanya vivyo hivyo mara nyingi, na macho yangu yalikuwa kwa baba tu.

Kuna mahali Georges anamnywesha Anne maji, Anne anafumba mdomo kisha anayatema. Georges anampiga kofi, halafu papo hapo anaomba radhi. Mama hajawahi kumpiga baba. Lakini niliwahi kumkuta jikoni ameshika bakuli la uji uliokwisha kupoa, amefumba macho, anahema. Aliponisikia akaniuliza kama nimekula.

Binti yao, Eva, anayechezwa na Isabelle Huppert, anakuja, analia, anataka jambo lifanyike, anaondoka. Baba yake anamweleza waziwazi kwamba wasiwasi wake haumsaidii kitu. Inafika siku anafunga chumba cha mgonjwa kwa ufunguo, binti asimwone mama yake katika hali ile. Mwishoni Georges anamziba Anne pumzi kwa mto. Sikubaliani na tendo hilo, wala imani yangu hainiruhusu. Ila kabla ya mto kulikuwa na mlango ule, na nyuma yake mzee mmoja akifanya kazi ya watu wanne.

Wiki hiyohiyo niliyoitazama filamu, tulikaa ndugu wote tukapanga zamu za usiku. Mama alikataa katakata. "Mwanangu, hujui anavyotaka kugeuzwa," aliniambia. Nikamwomba anifundishe. Akanionyesha namna ya kuweka mto katikati ya magoti, kumvuta baba kwa shuka badala ya mkono uliopooza, na kumkagua mgongo na visigino, maana ngozi ikianza kuwa nyekundu, kidonda kiko njiani. Baba alinung'unika nilivyomgeuza usiku wa kwanza. Mama alikuja mara mbili kuchungulia mlangoni. Mara ya tatu hakuja.

Wageni bado wanakuja na sifa zao, nami nawashukuru, kisha nawauliza nani anaweza kuja Alhamisi mchana mama apate kwenda kwaya. Jirani mmoja ameshaitikia. Kaka anayeishi mbali hutuma pesa ya dawa na nepi kila mwezi bila kukosa. Nimemwomba likizo yake ijayo aje alale chumbani kwa baba, mama aende kwa dada yake akapumzike. Amekubali, na ameniomba nimwelekeze hiyo habari ya shuka.