Hina Ibaki, Mengine Yawe Kijivu

Kwa miaka mingi, mteja aliyetaka picha nyeusi na nyeupe yenye kitu kimoja tu cha rangi nilimkatalia kwa upole. Niliuona ni urembo wa kadi za dukani. Tena kazi yenyewe ilikuwa adha: unafuta rangi kwenye picha ileile, unahifadhi, kesho mteja anarudi akitaka na midomo iwe nyekundu. Rangi utaitoa wapi?

Kijana mmoja wa studio ndiye aliyenibadilisha, kwa kunionyesha leya za marekebisho, ambazo kumbe Photoshop inazo tangu 1996. Leya ya kijivu inakaa juu. Picha ya chini haiguswi. Leya hiyo ina maski yake: palipo peupe leya inafanya kazi, ukipaka brashi nyeusi inajificha na rangi inachomoza. Ukivuka mpaka, unageuza brashi iwe nyeupe, unarudi ulikotoka.

Kazi iliyonivuta moja kwa moja ni ya bibi harusi aliyetaka hina tu ibaki na rangi. Piko iliyochorwa pamoja nayo ni nyeusi, haina cha kubakiza, lakini maua ya hina nyekundu yalijaa hadi kwenye viwiko. Nilijaribu kuiagiza programu ichague rangi hiyo, ikabeba na mikono mizima, maana ngozi na hina zote zina wekundu wa kahawia. Ikabidi nikuze picha na kufuata kila ua kwa brashi ndogo, jioni nzima. Sikuchoka, jambo la ajabu kwangu.

Somo wake, yaani kungwi wake, naye alitaka kisutu chake kibaki na rangi. Hapo nikajifunza jambo ambalo sasa nalitazama katika kila picha: nguo nyekundu hurusha wekundu wake kwenye kidevu na kwenye mkono wa kanzu nyeupe iliyo jirani. Ukikata rangi kwenye ukingo wa nguo kwa ukali, kisutu kinaonekana kimebandikwa. Maski ina ngazi 256 kati ya nyeusi na nyeupe, kwa hiyo pale ukingoni napaka kijivu cha kati, wekundu ufifie polepole.

Siku hizi, kabla sijashika brashi, namuuliza mteja: jicho la mtazamaji litue wapi? Kwa harusi ile, bibi harusi alikuwa na jibu lake, somo naye lake. Nikanakili leya, nikaipa nakala maski mpya, kila mmoja akachapishiwa yake. JPEG niliwapa wao. Faili yenye leya, nzito kama ilivyo, nimebaki nayo.