Kwenye skrini iliimba, mezani ikapiga mluzi

Mzazi mwenye kijana aliyemaliza kidato cha nne anaijua miezi ya kusubiri matokeo. Mtoto analala hadi saa nne asubuhi, simu haimtoki mkononi, na wewe unamtafutia shughuli. Wangu alijipatia yake: alitaka kuunda amplifaya ya gitaa la umeme ili afanye mazoezi nyumbani, asingoje zamu ya vyombo vya kwaya.

Alianzia kwenye kompyuta. Zipo programu za bure za kuigiza saketi: unachora betri, resista na kapasita, unabonyeza, na mstari unakuonyesha umeme utakavyokwenda. Nyingi zinatokana na SPICE, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973. Ilibuniwa kusaidia usanifu wa chipu, kwa kuwa kutengeneza chipu kisha ukaikuta mbovu ni hasara kubwa. Wahandisi wanaitegemea hadi leo.

Mwanangu alichagua LM386, chipu ndogo ya miguu minane inayotosheka na betri ya volti 9. Ikiachwa ilivyo hukuza mawimbi mara 20; ukiunganisha kapasita kati ya mguu wa 1 na wa 8, hufika mara 200. Kwenye skrini mstari ulitoka safi kabisa. Tukanunua vipande, spika tukaitoa kwenye redio iliyokufa.

Alipowasha, kabla hajagusa uzi hata mmoja wa gitaa, spika ikapiga mluzi. Akabadilisha chipu, mluzi uleule. Akachora upya, skrini ikasema kila kitu sawa. Siku ya tatu akaniambia: "Mama, wakifungua nafasi ya kubadilisha tahasusi, natoka PCM naenda HGL. Fizikia sina akili nayo."

Hapo amplifaya ikawa jambo zito nyumbani. Kijana aliamini kwamba kompyuta haikosei, kwa hiyo mwenye kasoro ni yeye.

Nilifuatana naye hadi kwa fundi redio wa mtaani kwetu. Baada ya shikamoo, mwanangu alitandaza mchoro wake. Fundi hakuushika. Alitazama nyaya. "Hizi ndefu za nini, mwanangu? Na huu unaotoka kwenye gitaa, mbona umelala juu ya huu wa spika?"

Alitufafanulia kwa subira, nami nikaelewa kwamba programu hujibu kile tu ilichoambiwa. Betri ya kwenye mchoro haichoki. Ya dukani volti zake hushuka chipu inapovuta umeme mwingi. Waya wa kwenye mchoro hauna urefu. Wa mezani hunasa mawimbi yanayotoka na kuyarudisha yalikoingilia, yakakuzwa tena na tena mpaka yanakuwa mluzi. Hata spika iliyoandikwa omu 8 si resista ya omu 8. Ni koili na karatasi inayocheza, na ukinzani wake kwa sauti nzito si ule wa sauti nyembamba.

Nyaya zikakatwa fupi, wa gitaa ukatengwa na wa spika. Kapasita ya mikrofaradi 100 ikawekwa palepale miguuni pa chipu ili kutuliza umeme wa betri. Penye spika ikaongezwa resista ya omu 10 na kapasita ndogo. Mluzi ukakatika.

Sauti ilibaki hafifu, kama imefunikwa blanketi. Hilo mwanangu aliligundua mwenyewe. Kwenye programu alikuwa ameweka chanzo cha mawimbi kisichoelemewa na chochote, lakini gitaa lina koili ya waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara. Mlango wa ile chipu, wenye omu kama 50,000 tu, ulikuwa unaielemea, na sauti nyembamba zilipotea. Akaweka transista moja mbele yake. Kisha akarudi kwenye programu, akaipa betri ukinzani wake na gitaa koili yake. Mstari ukaanza kufanana na alichokisikia. Siku hizi haniambii "skrini imesema". Anajiuliza ameiambia nini.

HGL haijatajwa tena. Akiitaja, sitamzuia, mradi aichague kwa kuipenda na si kwa kuukimbia mluzi.

Wazazi wenzangu, mwenye kijana wa namna hii asimnyime kompyuta, maana inaokoa vipande vingi visiungue. Ila ampe na meza. Abaki kwenye betri ya volti 9. Asifungue amplifaya ya kuchomeka ukutani, hasa zile za zamani za valvu. Kapasita zake zinaweza kushikilia mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa. Anapochomelea, dirisha liwe wazi, na anawe mikono kabla ya kula, kwani waya wa kuchomelea mara nyingi una risasi.

Akikwama siku tatu, mpeleke kwa fundi na kazi yake mkononi. Mlipe fundi muda wake, kisha uache wazungumze wao wawili.