Mikoko Iliyokufa ya Mwache: Tuikate au Tuiache?

Msafiri atokaye Miritini kwenda Kwale kwa barabara ya Dongo Kundu huvuka daraja la Mwache kwa dakika chache tu. Sisi tuliteremka chini pamoja na watoto, siku ya bamvua maji yalipokupwa, tukaitazama hori hiyo kwa utulivu. Mikoko ya kijani ingalipo, imezifuata kingo kama pindo la leso. Lakini katikati yake mna sehemu za miti ya kijivu, iliyosimama bila jani, na mingine imelala matopeni.

Miti hiyo haikuangamizwa na shoka peke yake. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 ziliporomosha udongo kutoka bara ya Kwale, na Mto Mwache ukaubwaga horini. Mikoko hupumua kwa mizizi: mchu huchomoza vijiti vyake juu ya tope, na mkoko wenyewe hutumia mizizi yake ya matao. Tope jipya lilipoifunika, miti ilikosa pumzi ikafa imesimama. Mafuriko ya mwaka 2006 yakaongeza msiba. Watafiti walikuta kwamba kati ya mwaka 1992 na 2009 Mwache ilipoteza kiasi cha asilimia 45 ya mikoko yake, na hori jirani ya Tudor kiasi cha asilimia 87, ukataji wa watu nao ukiwa umechangia.

Kwa hiyo swali huja lenyewe: mti uliokwisha kufa, kwa nini usikatwe?

Swali hilo si la tamaa. Mama asiyeweza kujaza mtungi wa gesi huona kuni zikioza huku yeye akihesabu senti za makaa. Mkavu ukitumika, huenda mbichi ukasalimika. Tena magogo yaliyolala hayatulii: maji yakijaa huelea, yakasukumwa na mawimbi na kuvunja miche iliyopandwa kwa taabu. Na palipojaa magogo, hapana nafasi ya kupanda.

Lakini mti uliokufa haujamaliza kazi yake. Mizizi yake huendelea kushika tope kwa miaka. Ikilegea, tope huhama likafunika mikoko iliyo hai. Shina lililosimama huvunja nguvu ya mawimbi. Mbegu za mkoko, zile ndefu kama mishumaa, huelea mpaka zikanaswa kwenye mizizi na matawi makavu, zikaota papo hapo. Chaza hung'ang'ania mashinani, na kaa na samaki wadogo hujificha chini yake. Vitoweo vyetu vingi huanzia hapo. Wakataji nao hukanyaga miche na kuburuta magogo juu ya chipukizi.

Hatari kubwa zaidi imo sokoni. Wajenzi wetu huzipanga nguzo za mikoko kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mti uliokaa mfu kwa miaka mingi umekwisha kuliwa na wadudu, haufai kubeba dari. Mnunuzi akitaka boriti imara, shoka litauacha mkavu na kuufuata mbichi, kisha yote yataitwa "miti iliyokufa". Mkandaa na muia ukikatwa shina hauchipui tena. Mchu huweza kuchipua hata ukionekana umekauka. Kuukata kwa haraka ni kumzika mgonjwa kabla hajakata roho.

Mjadala huu haupo kwetu tu. Katika hifadhi ya taifa ya msitu wa Bavaria, Ujerumani, miti iliyoangushwa na dhoruba za mwaka 1983 iliachwa ilipolala. Waliotaka iondolewe walikuwa na hoja nzito: mbawakawa wa magome huzaliana ndani ya miti iliyoanguka, kisha huvamia iliyo hai. Kweli mbawakawa waliua miti mingi, ila msitu mchanga umeota wenyewe kati ya mizoga hiyo. Mwache hoja ya mdudu haipo. Adui wetu ni udongo, na kukata mti hakuondoi udongo.

Rai yetu, basi, ni hii. Magogo yaliyolegea na kuelea yakusanywe kwa kuni za nyumbani, kwa kibali cha wasimamizi wa misitu na kwa njia moja iliyokubaliwa, ili miche isikanyagwe. Yaliyosimama yaachwe, hasa ukingoni mwa maji. Mchu ukwaruzwe gome kwanza. Ndani mkiwa na ubichi, usiguswe. Na kisiuzwe kitu, kwa kuwa biashara ndiyo itakayofungua mlango wa miti mibichi.

Hata hayo hayatatosha ikiwa mvua kubwa ijayo italeta tope lile lile. Matuta ya kuzuia mmomonyoko katika mashamba ya Kinango, na miti kandoni mwa mto, ndiyo yatakayoamua kama mikoko ya Mwache itapumua. Jamaa zetu wa bara na sisi wa pwani tunanywa mto mmoja. Mazungumzo haya yafaa tuyafanye pamoja nao, kabla ya masika.