Kikulacho Ki Kiazini

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii nimeifafanua darasani mara nyingi, nikaitolea mifano ya wahusika wasaliti katika riwaya na tamthilia. Hata hivyo, aliyenifunza maana yake barabara ni kiazi kitamu, katika shamba dogo lililo nyuma ya nyumba ya mama, huko Bungoma.

Ilikuwa Januari 2023. Mvua ilikuwa imekatika na matuta yalikuwa yamepasuka nyufa za kumeza kidole. Mama alikusudia kuvichimba viazi vilivyosalia na kuviuza katika soko la Chwele, ili dada yangu mdogo arejee shuleni na karo. Tulipolichimba tuta la kwanza tulitoa viazi vilivyopendeza machoni. Mama alikikata kimoja. Ndani mlikuwa na vijia vyeusi, na katika vijia hivyo mabuu weupe wasio na miguu, wamejikunja. Alionja upande ulioonekana mzima, akautema. Ulikuwa mchungu kama shubiri.

Mimi, msomi wa nyumba, nilikuwa na jawabu. Nilikwenda kwenye duka la pembejeo, nikanunua dawa ya wadudu, nikaimwagia matuta yote yaliyosalia. Niliona vidudu vyeusi vya kung'aa, vyenye mdomo mrefu, vikitambaa mithili ya sisimizi kwenye mashina ya marando. Sikuvijali. Adui yangu alikuwa buu. Usiku huo ndipo nilipoyasoma maandishi ya chupani: baada ya kutia dawa, mkulima angoje majuma mawili kabla ya kuvuna. Tulingoja. Tulipochimba, hatukupata viazi vizima vya kujaza debe. Dawa haikuwafikia mabuu, kwa kuwa walikuwa ndani ya nyama ya kiazi, nami nilikuwa nimewapa majuma mawili zaidi ya kula. Shule zilifunguliwa, dada yangu akabaki nyumbani. Mama hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Afisa wa kilimo alipotutembelea, alimweka fukusi mmoja mweusi na buu mmoja mweupe katika kiganja chake, akamwambia mama, "Huyu ni mtoto wa huyu." Niliona haya. Mimi niliyezoea kupekua kamusi nilikuwa nimeyachukulia maneno mawili kuwa wadudu wawili. Kamusi humweka buu penye herufi B na fukusi penye herufi F. Shambani ni kiumbe kimoja katika umri tofauti. Fukusi jike hutoboa shina au kiazi, hutaga yai, kisha huziba tundu. Buu huanguliwa humo, hula humo, hugeuka fukusi humo, ndipo hutoka kutafuta kiazi kingine. Katika joto, safari hiyo yote huchukua takriban mwezi mmoja. Uchungu nao ni kinga ya kiazi chenyewe: kikishambuliwa hutengeneza kemikali za kujitetea, nazo hukiharibu hata pale ambapo buu hajafika.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Fukusi hana uwezo wa kuchimba udongo. Hukifikia kiazi kupitia nyufa. Kumbe silaha tuliyoihitaji ilikuwa jembe: kupandishia udongo kwenye matuta na kuziba nyufa kila zinapotokea. Mengine yalifuata mantiki hiyo hiyo. Marando ya kupanda yakatwe nchani, kiasi cha sentimita 30, kwa maana mayai hukaa zaidi katika sehemu kuukuu iliyo karibu na ardhi. Shamba jipya liwe mbali na la zamani. Masalia yaondolewe, na viazi vikikomaa vichimbwe vyote bila kukawia.

Hapo mama alimkatiza. "Mwanangu, nikivichimba vyote kwa siku moja nitaviweka wapi? Udongo ndio ghala langu."

Afisa hakuwa na jibu la haraka, wala mimi. Wanawake wa kwetu huchimba viazi vya siku hiyo na kuviacha vingine ardhini, na kwa njia hiyo nyumba hula kwa miezi mingi. Ushauri ule ulikuwa sahihi kwa kiazi, lakini ulimnyang'anya mama akiba yake. Mwishowe ni yeye aliyepata njia. Sasa hupanda kwa awamu, ili visikomae vyote pamoja. Kiangazi kikikaribia huchimba vilivyokomaa, vingine huviuza, vingine huvikata vipande vyembamba na kuvianika juani, kama alivyofanya nyanya.

Fukusi hawajatoweka. Kila msimu tunakuta viazi vichache vilivyotobolewa, na mama bado hukata kimoja kabla ya kufunga gunia. Lakini dada yangu hajakosa muhula mwingine.

Afisa yule alituachia kijikaratasi cha maelezo kilichoandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mama haisomi. Nilikitafsiri kwa Kiswahili kwa jioni mbili, na nilichelewa zaidi kwenye sentensi moja tu: ile iliyomtaja buu na fukusi. Niliiandika mara tatu, hadi mama aliposoma na kusema, "Naam, huyu ni mtoto wa huyu."