Hitilafu kwenye ukuta wa nyanya

Najua kimya kimekuwa kirefu. Nilikuwa nyumbani Shinyalu. Leo hatuzungumzi programu, tunazungumza kuvu.

Nyanya yangu analala katika nyumba ya matofali aliyoijenga babu mwaka 1974. Kila masika ukuta ulio nyuma ya kitanda chake huwa mweusi, naye hukohoa usiku kucha. Mimi, mwenye digrii ya kompyuta, nilishaupaka rangi mara mbili. Wanaoandika programu wanaujua ujinga huo: kuficha ujumbe wa kosa na kuliacha kosa lenyewe.

Safari hii nilibeba DHT22, kile kidude cha bei nafuu cha kupima joto na unyevu wa hewa. Usiku kikasoma asilimia 88. Nikajua nimemkamata mwizi: madirisha yanafungwa, mvuke wa pumzi unatua ukutani. Nikamwambia Nyanya awe anayafungua. "Mjukuu wangu, na mbu je?"

Nikakitoa kidude nje. Kikasoma karibu vile vile! Tuko kando ya msitu wa Kakamega, mvua hufika kama milimita 2,000 kwa mwaka. Kipimo changu hakikuwa kimenieleza lolote.

Kilichonisaidia ni kipande cha nailoni. Nilikibandika ukutani kwa selotepu kingo zote, nikakiacha siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, unyevu unatoka hewani. Yakiwa nyuma ya nailoni, unatoka ndani ya ukuta. Yalikuwa nyuma.

Nje, udongo wa mteremko ulikuwa umerundikana hadi kupita usawa wa sakafu, na nyumba hiyo haina ile karatasi nyeusi ya msingini ambayo mafundi huiita DPC. Maji yanapanda tu. Tena plasta ya saruji iliyozuia ukuta kukauka niliilipia mimi mwenyewe, mwaka 2021, kama zawadi. Sikumwambia Nyanya hilo hadi jioni.

Baba mdogo nami tulichimba mtaro siku mbili. Fundi amebandua plasta hadi usawa wa kiuno. Ukuta ukikauka, jambo la miezi, tutapiga ya chokaa. Kuvu niliiosha kwa sabuni nikiwa na barakoa. Nyanya amehamia chumba cha mbele na analalamikia kelele za televisheni.

Nailoni bado iko ukutani. Binamu hunitumia picha kila Jumamosi. Ya juzi ina matone saba.