Nyasi Zisizo na Mwenyewe

Ukitembea Kisii au Nyamira na daftari mkononi, watu wanajua wewe ni mpimaji ardhi. Huku kila futi ya udongo ina mwenyewe, na mara nyingi ina kesi pia. Sensa ya 2019 ilipata zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba Kisii, na karibu 675 Nyamira. Malisho ya pamoja ya enzi za mababu yaligawanywa, yakawa majani chai, mahindi, migomba na nyumba za mabati. Nyasi zisizo na mwenyewe zimebaki vipande tu: kando ya barabara, uwanja wa shule, ukingo wa kinamasi.

Vipande hivyo ndivyo tunavyotembea. Tuko sita: jamaa wa boda, mwalimu wa chekechea, wanafunzi watatu wa sekondari, na mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda. Jumamosi asubuhi tunazunguka kinamasi cha Sironga na darubini moja, tukipokezana. Tunafuata utaratibu wa Kenya Bird Map, mradi ulioanza 2013. Nchi imegawanywa miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa. Unatembea angalau saa mbili, unaandika kila aina ya ndege kwa mpangilio uliowaona, kisha unatuma kwa simu. Hakuna anayekuuliza digrii.

Siku moja mama aliyekuwa akikatia ng'ombe nyasi alitusimamisha.

"Mnapima shamba ya nani?"

"Hatupimi, mama. Tunahesabu ndege."

Akatuangalia mmoja mmoja. "Na mkimaliza kuhesabu, mtawakula?"

Tulicheka naye, lakini swali lake ni la haki. Kuhesabu kunasaidia nini? Jibu langu ni kwamba kitu ambacho hakijaandikwa kinaweza kupotea bila mtu kuulizwa. Atlasi ya ndege wa Kenya ya Lewis na Pomeroy ilitoka 1989, na kwa sababu ipo, leo unaweza kulinganisha mahali ndege alikuwa na mahali yuko sasa. Orodha zetu za Jumamosi ni mawe madogo juu ya msingi huo.

Ndege ninayemngojea kila wiki ni korongo taji, yule wa kwenye bendera ya Uganda. Anataga kwenye kinamasi na kula kwenye nyasi fupi, kwa hivyo anahitaji vyote viwili vikiwa karibu. Tangu 2012 yuko kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka. Kwetu tunao wawili.

Shida ni kwamba mkono mmoja wa kinamasi unapakana na shamba la babangu mdogo, na yeye anataka kupanda mikaratusi hadi majini. Mti huo unakunywa maji vibaya sana. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza ing'olewe kwenye vyanzo vya maji, lakini ukipita huku leo utaiona imejipanga kando ya mito. Watu wanaipanda kwa sababu inakua haraka na nguzo zina soko. Babangu mdogo ana watoto wawili sekondari.

"Hao ndege watalipa karo?" aliniuliza.

Ningekuwa na safu tatu za mikaratusi mwaka ule, pengine ningekuwa nimemaliza chuo. Siwezi kumhubiria. Nilichofanya ni kumwonyesha orodha zetu, wiki baada ya wiki, na mahali wale wawili husimama. Alizipitia polepole, akanirudishia bila neno.

Miche alipanda, lakini upande wa juu, karibu na barabara. Sehemu ya chini bado ni nyasi. Hajasema itabaki hivyo. Wiki jana aliniuliza huku akinoa panga:

"Wale wenu wako wangapi sasa?"

"Wawili."

"Na mtoto?"

"Bado."